Kijiko cha Ziada Katika Uji wa Nzi

Basi la kutoka Tunduru hadi Dar es Salaam hutumia siku moja, na likiharibika njiani, mbili. Mimi nilitumia miaka tisa.

Niliondoka nyumbani na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na nia ya kufika Dar kabla ya Ramadhani. Songea nikashuka kunywa chai, nikakaa miezi minne. Makambako nikapata kazi ya kupika kwenye hoteli ya madereva wa malori, na huko ndiko nilikojifunza kukoroga sufuria kubwa bila kuunguza chini. Kisha nikaenda Tunduma kupakua mizigo, ingawa mtoto yeyote wa darasa la tatu mwenye ramani angeniambia kwamba Tunduma si njia ya Dar. Nikageuza nikaenda Ifakara kulima mpunga wa mtu, nikaishia Morogoro katika jiko la shule ya bweni, nikipika uji kwenye sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Kila mahali, mara tu majirani walipoanza kuniita kwa jina, miguu iliniwasha. Mama alikuwa akiwaambia watu wa Tunduru, "Rashidi yuko njiani." Hakusema uongo hata siku moja.

Haya nawaandikia ninyi mnaobaki jikoni, mnaoniita mstaafu huku mkicheka. Chekeni. Neno ni kubwa kwa mtu wa miaka arobaini na sita ambaye hata mvi hazijamtosha. Lakini nimefanya kazi moja, kwenye chumba kimoja, kwa miaka kumi na saba, na kwa mtu mwenye miguu kama yangu huko ni kuzeeka kazini.

Kariakoo niliingia asubuhi ya mvua, nikiwa na begi lilelile na mwiko wa mninga niliopewa na wapishi wenzangu wa Morogoro. Mbeba mizigo mmoja, mtu wa Tunduru kama mimi, aliniambia kwamba kuna watu ghorofa ya pili, juu ya duka la mithai, vile vitamutamu vya Kihindi, wanatafuta mpishi. Nikadhani ni hoteli. Nikapanda ngazi nikiwa nimeshika mwiko mkononi ili wajue sitanii.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mfupi, mwenye koti jeupe na miwani iliyofungwa kamba. Huyo alikuwa Mama Perpetua, fundi mkuu wa maabara, mtu wa Mbinga.

"Shikamoo mama. Nimesikia mnahitaji mpishi."

"Marahaba. Unajua kupika uji?"

"Uji ndiyo kazi yangu, mama. Wa watu wangapi?"

"Elfu tatu hivi."

"Shule gani hiyo?"

"Nzi," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha kabati lenye joto la kupimwa, na ndani yake safu za chupa ndogo zilizozibwa kwa pamba, kila chupa na nzi wa matunda kadhaa, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kwenye kitako cha kila chupa palikuwa na kipande cha uji ulioganda. Kisha akanipa sufuria na unga wa sembe, akakaa kwenye kiti, akatazama saa. Nilikoroga kwa mwiko wangu mwenyewe. Alipoingiza kijiko akakuta hakuna donge hata moja, alisema, "Utaanza leo." Ndiyo mahojiano yote niliyofanyiwa maishani.

Nyumbani nilipiga simu nikamwambia mama nimepata kazi maabara. Akatangaza kijiji kizima kwamba mwanawe ni daktari. Sikumrekebisha mwaka ule, na miaka iliyofuata nikaona aibu kuanza.

Uji wa nzi mnaujua, lakini niandike kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Unga wa sembe, hamira, sukari, na unga wa mwani ili ugande. Mwisho, ukishapoa kiasi cha kugusika, unamimina dawa ya ukungu iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ili chakula kisiote manyoya kabla nzi hawajakimaliza. Usiimimine mapema wakati moto unawaka. Mvuke wa spiriti utashika moto. Najua hili kwa sababu wiki ya kwanza nilipoteza unyusi wa kushoto, na kwa miezi miwili nilionekana kama mtu anayeshangaa upande mmoja.

Mama Perpetua hakusema pole. Alinipa daftari la jikoni. "Kila kitu kinachoingia kwenye sufuria unakiandika humu. Kila kitu, Rashidi. Hata jasho lako likidondoka, andika." Nikadhani anatania. Hakuwa mtu wa utani.

Wiki ya pili niliziba chupa moja kwa pamba legelege. Kabla ya saa sita mchana, mwenye nyumba wetu, Mzee Kirti, alipanda ngazi polepole akiwa na sahani ya jalebi. Yeye ndiye mwenye duka la mithai la chini. Baba yake alilifungua, na babu yake alikuwa na kibanda mahali hapohapo.

"Bwana Rashidi," akasema, "hawa ni wako au ni wangu?"

Nikatazama. Nzi watano walikuwa wamekaa juu ya jalebi, wameshiba. "Mzee, Kariakoo nzi ni wengi. Wanaweza kuwa wa mtu yeyote."

Akavua miwani, akainamia sahani. "Wa kwangu wana macho mekundu. Huyu hapa ana macho meupe."

Ni kweli, tulikuwa na aina moja ya nzi wenye macho meupe, na kwingine kote sokoni usingewapata. Nilitumia mchana mzima nikiwa nimepiga magoti dukani kwake nikiwakamata mmoja mmoja kwa mrija, wateja wakinipita. Mwanamke mmoja alimuuliza Mzee Kirti ninafanya nini. "Anakusanya watoto wake," akajibu. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Mwaka wa tano akaja Nuru. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, msichana wa Temeke mwenye sauti ndogo na mwendo wa haraka, na sisi tulimwita Dokta kabla hajawa, kwa uvivu wa kusubiri. Ndiye aliyenieleza ni kitu gani hasa nilikuwa nikikilisha miaka yote ile.

"Dada Nuru," nilimuuliza siku moja, "hivi nzi anaugua?"

"Anaugua, kaka. Ukungu unamla akiwa hai."

Akanionyesha sahani iliyojaa ukungu mweupe, mfano wa unga wa muhogo. Huo ni ukungu unaoshambulia wadudu. Tulikuwa tunawatembeza nzi juu yake kwa muda mfupi, wanatoka wakiwa wamepakwa vumbi, kisha tunawahamishia kwenye chupa na kusubiri. Kila chembe ya vumbi lile ni mbegu. Ikimtua nzi inaota, inatoboa ngozi yake, inaingia ndani.

Yanayofuata nilielezwa mara nyingi hadi nikayaelewa kwa namna yangu. Ndani ya damu ya nzi, ambayo si nyekundu, mna protini zinazozurura. Kazi yake ni kutambua ukuta wa chembe ya ukungu, maana ukuta huo una sukari ambazo nzi mwenyewe hana. Protini moja ikiutambua inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu. Mmewaona wamachinga mgambo wanapokuja? Aliye mwisho wa mtaa hajamwona mgambo yeyote, lakini turubai lake limeshakunjwa. Ndivyo habari inavyokwenda hadi kwenye mafuta ya mwili wa nzi, ambayo kwake hufanya kazi nyingi zinazofanywa na ini kwetu sisi. Hapo jeni zinawashwa, na mafuta yale yanaanza kutengeneza peptidi, yaani protini fupifupi, na kuzimwaga kwenye damu. Zipo peptidi za kuua bakteria na zipo za kuua ukungu, na nzi anajua atoe zipi kwa adui gani. Hana daktari, hana chanjo, hana kumbukumbu ya ugonjwa wa jana. Ana hizo tu.

"Na mimi ninazo?" nikauliza.

"Unazo. Hata kwenye mate yako mna peptidi za kuzuia ukungu."

Kwa wiki nzima nilimeza mate kwa heshima.

Nuru alikuwa na nzi tuliowaita nzi wa taa. Wataalamu wa mbali walikuwa wamewapandikizia kitu cha ajabu: jeni ya peptidi ya ukungu inapowashwa, protini ya kijani nayo inatengenezwa. Ukimlaza nzi chini ya hadubini na kummulika kwa taa ya buluu, aliyevamiwa na ukungu tumbo lake linawaka kijani. Asiyevamiwa, giza.

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema. Nzi wa Kariakoo wamezaliwa kwenye maganda yaliyooza, juu ya ukungu wa kila rangi. Je, wanajikinga vizuri kuliko nzi wa maabara waliodekezwa na uji wangu? Kwa hiyo nikatumwa sokoni na mitego ya chupa. Wauza matunda walinipokea kama mwendawazimu wa kawaida wa mtaa.

"Oya, Bwana Nzi kaja! Mambo?"

"Poa."

"Leo unataka wa nanasi au wa papai?"

"Wote."

"Mchukue na huyu shemeji yangu hapa, naye anatua kwenye kila kilichoiva!"

Nuru aliwachanganya nzi hao na wale wa taa, kizazi baada ya kizazi, hadi akapata nzi ambao kwa damu ni wa Kariakoo lakini wana taa tumboni. Ilichukua muda mrefu. Alikuwa na mchumba, fundi wa majokofu, na walikuwa wameshaahirisha harusi mara mbili kwa sababu ya nzi. Yule bwana alizoea kupiga simu ya jikoni kwetu na kuuliza, "Shemeji, nzi wanaendeleaje?" Tarehe ya tatu ilikuwa imepangwa wiki chache baada ya Nuru kuwaonyesha matokeo yake wasimamizi wake, kwenye ukumbi mmoja Posta.

Sasa nifike kwenye kijiko.

Chupa za jaribio, zile wanazohamishiwa nzi waliokwisha kupakwa ukungu, zilikuwa na sharti lake. Mama Perpetua alinisimamia mlangoni akaniambia, "Uji wa chupa hizi hauwekwi dawa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia. Nilichokielewa ni kwamba dawa inabanwa kwa sababu inatoka mbali. Nikaona ni ubahili tu, na ubahili wa jikoni mimi ninaufahamu, nimeuona kuanzia Songea hadi Morogoro.

Uji usio na dawa huota ukungu upesi, na wa chupa za Kariakoo uliota upesi zaidi, maana nzi wale walikuja na vijidudu vyote vya sokoni. Chupa za kwanza zilikuwa za kuupima uji tu, nzi wakiwa bado hawajapakwa ukungu, na siku ya tatu zilikuwa na manyoya kama paka. Kisha wakaja wageni kutembelea maabara. Mmoja wao akainua chupa ya Kariakoo, akakunja pua, akauliza, "Nani anapika hapa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwiko wangu.

Mpishi anaweza kuvumilia kuambiwa mvivu, mchelewaji, hata mwizi wa nyama. Kuambiwa chakula chake kimechacha ni jambo jingine. Wiki iliyofuata, nilipopika uji wa jaribio, nikagawa sufuria mbili. Wa nzi wa maabara nikauacha kama nilivyoagizwa, maana wao hawakuniaibisha sana. Wa nzi wa Kariakoo nikautia kijiko kimoja cha dawa. Kwenye daftari nikaandika "kama kawaida." Wala sikujiona nadanganya. Makambako chumvi ya mwisho haikuandikwa popote. Ilikuwa mkono wa mpishi.

Chupa zikatoka safi, zinang'aa. Nilizipanga mbele.

Nuru alifanya jaribio. Nzi wa maabara waliwaka kijani kesho yake, na siku chache baadaye wakaanza kufa, kama ilivyotarajiwa. Nzi wa Kariakoo hawakufa. Na hawakuwaka. Alisafisha lenzi, akabadilisha balbu, akatazama tena. Giza, na nzi wazima wanatembea. Akarudia jaribio lote upya, kisha akarudia mara ya tatu. Kila mara uji nilipika mimi, na kila mara kwa kijiko kilekile.

"Kaka Rashidi!" Alinishika mabega. "Hawatumii peptidi hii kabisa! Wana silaha nyingine, kitu ambacho hakuna aliyekiona!"

Nilifurahi kama nimewazaa. Nilikwenda sokoni nikawaambia wauza matunda kwamba nzi wao ni mashujaa wa kisayansi. Wakaniambia basi niwachukue wote. Nuru akachapisha bango kubwa lenye picha, tumbo la kijani upande mmoja na tumbo la giza upande wa pili, akaanza kuhesabu siku.

Zikiwa zimebaki siku nne, ilikuwa Diwali, na Mzee Kirti alipanda kutuletea mithai kama ilivyokuwa desturi yake. Nuru na Mama Perpetua walikuwa chumba cha hadubini. Nilimkaribisha jikoni. Alikaa, akatazama safu mbili za chupa mezani, akauliza kwa adabu tu, kama mgeni anavyouliza habari za shamba.

"Hizi safi ni za nani?"

"Za nzi wa Kariakoo, mzee."

"Na hizo zenye manyoya?"

"Za nzi wa maabara."

"Wote wamepakwa ukungu?"

"Uleule. Siku moja, sahani moja. Ila hawa wa Kariakoo wana nguvu, hawaugui."

Akatafuna burfi yake taratibu. "Nzi ana nguvu, nimekubali. Sasa huu uji?"

"Uji umefanyaje?"

"Ukungu huwatoka nzi na kumwagika kwenye uji, si ndiyo? Kwenye zile umeota. Kwenye hizi umekataa." Akaikaribia chupa kwa miwani yake. "Bwana Rashidi, uji nao una peptidi?"

Yeye alikuwa anauliza kwa kutaka kujua. Ana duka la mithai. Kila siku ya maisha yake anafikiria kitu gani kinaota ukungu na kitu gani hakioti. Nikakumbuka sauti ya Mama Perpetua mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba haukuwa ubahili. Nzi wale walikuwa wanakula dawa ya ukungu, wanaitembelea, wanaipaka miilini mwao. Mbegu hazikuota. Hakuna kilichotoboa ngozi. Kama hakuna kilichoingia, nani apige kelele? Mafuta yamtengenezee nani peptidi? Nzi wangu hawakuwa mashujaa. Hawakuvamiwa.

Bahati yangu, au balaa yangu, Mama Perpetua alichungulia na kusema, "Gesi ya kuwalaza nzi imeisha. Nenda Feri ukalete barafu." Nzi huwezi kumtazama chini ya hadubini akiwa anarukaruka; bila gesi unamlaza kwa baridi, na barafu tuliichukua kwa wauza samaki.

Nilitembea hadi Feri kwa miguu. Nikajaziwa mfuko wa barafu. Kurudi kulipaswa kuwa nusu saa. Nilipofika Posta nikakaa kwenye kizingiti cha jengo moja, mfuko miguuni, nikaanza kufikiri, na fikra zangu zote zilikuwa za mabasi. Ningeweza kuwa Morogoro jioni ileile. Begi langu lilikuwa dogo kama siku niliyokuja. Nuru angesimama ukumbini na bango lake, wasimamizi wangepiga makofi, angeolewa. Labda hakuna ambaye angegundua. Au angegundua mtu mwingine, nchi nyingine, miaka miwili baadaye, na jina lililoandikwa juu ya uongo ule lingekuwa la Nuru, si la mpishi.

Watu walikuwa wananipita wakiziba pua. Hapo ndipo nilipotazama chini.

Niliingia maabara nikiwa na mfuko wa maji yanayonuka changu.

"Barafu iko wapi?" akauliza Mama Perpetua.

"Nimeweka dawa," nikasema.

"Kwenye barafu?"

"Kwenye uji, mama. Wa jaribio. Chupa za Kariakoo."

Nuru alikuwa ameinamia hadubini. Aliinua kichwa polepole.

"Chupa ngapi?"

"Zote."

"Jaribio la mwisho?"

"Yote matatu."

Kisha akauliza, kwa sauti ileile ndogo, "Kijiko cha chai au cha mezani?"

"Cha mezani."

"Kaka Rashidi," akasema, "bango limeshachapishwa." Akatoka, akaketi kwenye ngazi. Na simu ya jikoni, kama inavyopenda kufanya, ikalia hapohapo. Mama Perpetua alinitazama. Nikapokea.

"Shemeji! Nzi wanaendeleaje?"

"Wazima, shemeji," nikasema. "Wazima mno. Ndilo tatizo lenyewe."

Mama Perpetua alifungua daftari, akanipa kalamu nyekundu. Nikarekebisha kurasa zote tatu: kiasi cha dawa, chupa zipi, na jina langu kamili chini yake. Nilipomaliza alisema, "Nilikwambia usiweke. Sikukwambia kwa nini. Hilo la pili ni kosa langu, nami naliandika." Akaliandika, kwa kalamu ileile. Nimefanya kazi chini ya watu wengi kati ya Tunduma na hapa. Hakuna mwingine niliyemwona akifanya hivyo.

Nuru aliwapigia wasimamizi wake mwenyewe na kuwaambia hana cha kuonyesha. Mimi nilikunja koti langu nikaliweka kitini, nikaanza kuufuta mwiko wangu.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Si unanifukuza, Dokta?"

"Mpishi mpya atakuja na makosa mapya. Ya kwako angalau ninayajua." Hakutabasamu. "Pika. Nitasimama hapa."

Alisimama. Nilipika, na sikuweka kitu. Chupa ziliota manyoya zote, za Kariakoo mbele ya wengine, na mara hii niliziangalia kama mtu anayeangalia mtihani wake mwenyewe. Kesho yake baada ya kuwapaka nzi ukungu, Nuru aliniita chumba cha hadubini. Miaka yote ile sikuwahi kumwona nzi wa Kariakoo akiwaka, kwa sababu niliwazima mwenyewe kwa kijiko. Niliweka jicho. Alilala chali, mdogo kuliko punje ya ufuta, na tumbo lake lote lilikuwa kijani, kijani cha taa ya msikiti wa kwetu. Amevamiwa, amejua, na amejibu.

"Wanaugua kama wenzao," Nuru akasema. "Hakuna silaha nyingine."

"Pole, dada."

"Angalia tena," akasema. "Ni wazuri, lakini."

Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja kumaliza. Kazi yake haikuwa na ugunduzi wa kupigiwa makofi. Ilikuwa ya saa kwa saa, nzi anavamiwa lini, anawaka lini, anashindwa lini. Kila mstari wake ulikuwa kweli. Tangu hapo kila chupa jikoni ikaanza kubandikwa karatasi yenye jina la mpishi na mstari wa dawa, kiasi chake au neno "hakuna", karatasi mnazozilalamikia kila asubuhi. Sasa mnajua ni za nani. Harusi ilifungwa tarehe ya nne. Nilipewa heshima ya kupika pilau, na Mama Perpetua alisimama pembeni yangu tangu kitunguu cha kwanza, akiwa ameshika daftari.

Mama Perpetua alistaafu, kustaafu kwa kweli, akarudi Mbinga. Nuru akawa mkuu wetu. Mimi nilibaki miaka mingine, na kila miguu ilipowasha nilikwenda kuituliza Feri na kurudi na barafu. Mwaka huu haikukubali kutulizwa. Mama amezeeka, na nimechoka kusikia kwamba bado anawaambia watu niko njiani.

Siku ya kuondoka niliwaachia mwiko. Msiuoshe kwa sabuni ya mche, utanuka. Nuru hakutoa hotuba; anajua ningelia, nami najua naye angelia. Alifungua kabati, akatoa chupa moja ya uji niliopika mwanzoni mwa wiki, hakuna nzi ndani, ukungu umejaa hadi kwenye pamba, mweupe na wa kijani na mweusi kidogo. Karatasi ilisema: Mpishi, Rashidi. Dawa, hakuna.

"Hii ni ya kwako," akasema.

Niliishika kwa mikono miwili nikashuka ngazi. Mzee Kirti alikuwa mlangoni mwa duka lake. Sasa anatembea kwa fimbo.

"Umebeba nini, Bwana Rashidi?"

Nikampa. Akaigeuza kwenye mwanga, akasoma karatasi, akavua miwani, akaisoma tena.

"Imeharibika kabisa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nimepika mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akarudi na boksi la mithai, lile kubwa la sikukuu, akailaza chupa katikati ya karatasi laini, akafunga kwa kamba. Kisha akachukua kalamu nene na kuandika juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa ili hata watu wa Tunduru wazione kwa mbali: USILE.